Ujira wa anayemtunza mzazi si kuuza radhi

 Leo tunapenda kuzungumza na familia zetu, khususan zile za mwambao wa kusini, kutoka Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi mjini, juu ya jambo linalosemwa chini kwa chini jikoni na uani lakini haliletwi barazani. Mtoto aliyebaki nyumbani kumtunza mama au baba asiyejiweza, je, inafaa alipwe? Na ikiwa inafaa, alipwe na nani, na kutoka mali ipi?

Jibu letu tunalitanguliza ili msomaji asihangaike kulitafuta. Inafaa. Na mara nyingi anayepaswa kulipa si mzee aliyelala kitandani, bali ni watoto wake wengine walioondoka.

Wasomaji wetu wa kusini wanaijua hali yenyewe bila ya kuelezwa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, na lami ikaja kukamilika baadaye baina ya Ndundu na Somanga, safari ya Dar es Salaam, ambayo wakati wa masika ilikuwa ikimlaza msafiri njiani, ikawa ya saa chache. Ni neema, na tunamshukuru Mola. Lakini vijana nao wanaondoka kwa wepesi ule ule. Nyumba iliyolea watoto sita hubakiwa na mmoja, na aghalabu huyo mmoja ni binti: ameachika, au amefiwa na mume, au mume wake yu baharini siku nyingi kuliko anazokuwapo nyumbani. Hakuna kikao kilichomchagua. Alikuwa karibu siku mama alipoanguka kwa kiharusi, basi kazi ikawa yake.

Na kazi hiyo tuieleze kama ilivyo. Ni kumwogesha mtu mzima asiyeweza kuinuka. Ni kumgeuza kila baada ya saa chache ili mgongo usitoke vidonda, kufua mashuka kila siku kwa maji ya kuteka, kumlisha uji kijiko kwa kijiko, kukumbuka vidonge vya shinikizo la damu asubuhi na vya kisukari jioni. Ni kuamka usiku anapoita, na kuamka tena anaposahau kwamba alikwisha kuita. Akiwa mkaazi wa Kilwa Kisiwani, kumpeleka mzee hospitali ni kumbeba hadi chomboni, kuvuka hadi Masoko, kisha kutafuta gari ya kwenda Kinyonga kule Kivinje. Binti huyo kabla ya hapo alikuwa akikaanga samaki na kuuza, au akilima ufuta wake. Sasa karai limefunikwa na shamba limerudi pori. Hiyo ndiyo gharama ya kumtunza mama, na imelipwa na mtu mmoja kwa niaba ya watu sita.

Wapo watakaoshangaa, tena kwa nia njema. Watasema: mtoto atamwogeshaje mama yake kwa fedha? Huko si kuuza radhi? Watatukumbusha Surat Al-Israa, aya ya 23 na ya 24, ambamo Mola wetu ameufuatanisha wema kwa wazazi na amri ya kuabudiwa Yeye peke yake, akakataza hata sauti ndogo ya kuchoshwa nao wanapofikia uzee. Tunaipokea hoja hiyo kwa unyenyekevu. Lakini nasi tunauliza: aya zile zilimhusu binti aliyebaki Kivinje peke yake? Kaka aliye Kariakoo, dada aliye Mwanza, mdogo wao aliye Muscat, hao hawakuamrishwa? Amri ni ya wote, na anayeshika zamu yake na za wenzake watano, wenzake wana deni kwake. Tusichanganye kumtoza mama na kuwadai ndugu. La kwanza mtoto mwema hulionea haya. La pili ni haki, na haki haina haya.

Tena si jambo geni katika dini yetu kwamba tendo la huruma likalipwa. Katika Surat At-Talaq, aya ya 6, wanaume wameamrishwa kuwapa ujira wao wake waliowaacha wanapowanyonyesha watoto, na pande mbili zishauriane kwa wema. Tulitafakari hilo. Mama ananyonyesha mtoto wake wa tumboni, ambaye hata bila ya senti moja asingemwacha na njaa, na bado Qur'ani inauita ujira wake kwa jina hilo la ujira. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mama yule ameuza mapenzi ya mtoto. Na Sayyidna Abubakar (r.a.), alipokabidhiwa ukhalifa, aliamka asubuhi akaelekea sokoni na nguo za biashara yake kama kawaida. Masahaba wakaona kwamba hataweza kuchuuza na kuwaangalia Waislamu kwa wakati mmoja, wakamkadiria posho ya kumtosha yeye na watu wa nyumbani kwake. Hilo ndilo jambo lenyewe: kazi inayomzuia mtu kutafuta riziki yake inampa haki katika riziki ya wale anaowafanyia.

Iko pia hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Ibn Umar (r.a.), ya watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe. Makhatibu wetu huisimulia mara kwa mara, na kila mara husita kwa yule wa kwanza, aliyerudi usiku akawakuta wazazi wake wamelala, akasimama na bakuli la maziwa mkononi mpaka alfajiri, asikubali wanawe wanywe kabla ya wazee. Ni mfano mkubwa wa wema. Lakini wa tatu naye tumsikilize. Yeye alikuwa na mfanyakazi aliyeondoka bila ya kuchukua ujira wake. Bwana yule akauzalisha ujira ule mpaka ukawa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na mwenyewe aliporudi kudai, akamkabidhi wote. Jiwe halikufunguka kwa dua ya mmoja. Lilisogea kidogo kwa aliyewatunza wazazi, na likamalizikia kwa aliyelipa haki ya aliyemfanyia kazi. Hatusemi kwamba hadithi hii inahusu ujira wa mtoto. Tunasema kwamba wema kwa wazazi na ujira wa mja vimetajwa katika masimulizi mamoja, na msikilizaji wa Kiislamu hana sababu ya kukumbuka kimoja na kusahau kingine.

Kwa yule mtoto mwenye uwezo ambaye hataki kulipwa, malipo yake yako kwa Mola wake, na tunamwombea. Kipimo chake anakipata katika Surat An-Nisaa, aya ya 6, juu ya mlezi wa yatima: tajiri ajizuie, na maskini ale kwa kadiri ya ada. Kadhia si ya yatima, lakini busara yake inatufaa. Tatizo ni kwamba kwetu sisi anayetakiwa kujizuia ni maskini, na anayesifu kujizuia huko ni yule mwenye duka Dar es Salaam.

Tuje sasa penye hatari yenyewe. Wasomi wa darsa zetu za mwambao, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Imamu Shafi, wanakijua kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi. Humo katika mlango wa ijara imo mas-ala ya mtu aliyempa fundi nguo ashone, fundi akashona, na haikutajwa bei. Kauli iliyotiliwa nguvu ni kwamba fundi hana ujira. Ziko kauli nyingine, mojawapo ikiwa kwamba anayejulikana kwa kufanya kazi hiyo kwa malipo hupewa, lakini ya kwanza ndiyo inayotangulizwa. Fikiri basi hali ya binti aliyefanya kazi miaka minane pasipo neno. Akija kudai baada ya mama kufariki, ataambiwa na fiqhi, na ataambiwa na kaka zake, kwamba alijitolea. Ikiwa fundi wa nguo hupoteza haki kwa ukimya, sembuse mtoto ambaye kila mtu anadhani hahitaji kusemewa?

Tumepata kukaa katika suluhu za mirathi, na tunaweza kusema kwamba magomvi mengi ya ndugu yanayodhaniwa ni ya nyumba au minazi, ukiyachimba unakuta mzizi wake ni huu. Wanakuja ndugu watano kutoka mbali, wanaketi, wanahesabu. Nyumba imekadiriwa, shamba la mikorosho limekadiriwa. Kila mwanamume anapata hisa mbili na kila mwanamke moja, kama alivyofaradhisha Mwenyezi Mungu, na hapo hatuna la kuongeza wala kupunguza. Kisha yule aliyebaki anainua uso na kuuliza: na miaka yangu? Kimya. Mmoja anasema atalipwa na Mungu. Mwingine, aliyekuja mara mbili katika miaka hiyo minane, anamwuliza mbona amekaa nyumba ya mama bila ya kodi. Hapo undugu huvunjika, na tumeona ukivunjika kwa namna isiyoungika.

Wengine, kwa kumhurumia, hutaka kurekebisha kwa njia isiyofaa. Mama humwambia binti: nyumba hii ni yako nikifa. Hilo ni wasia kwa mrithi, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie baada ya kifo. Baba naye humwandikia mmoja shamba kwa siri. Hapo tunakumbuka kisa cha Bashir bin Saad (r.a.), aliyempa mwanawe Nuuman zawadi, na mkewe Amra bint Rawaha akataka Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Mtume akamwuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo. Alipojibu hapana, akaamrishwa kumcha Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto, na Mtume hakushuhudia. Wanazuoni wa Kishafi wamesema kupendelea kwa sababu ya haja hakumo katika karaha hiyo, lakini zawadi ni lazima itolewe mzazi akiwa mzima na akili yake, na ikabidhiwe hasa. Ya maradhi ya mauti huhesabiwa wasia, nasi tunarudi tulikotoka.

Ujira si zawadi wala si wasia. Ni haki ya kazi, na usipolipwa unakuwa deni. Nalo deni hutolewa katika mali ya marehemu baada ya gharama za mazishi, kabla ya wasia na kabla ya hisa ya mrithi yeyote. Hata Mahakama za Mwanzo, ambazo ndizo zinazosikiliza mirathi ya Waislamu huku Bara, humtaka msimamizi alipe madeni ya marehemu kwanza ndipo agawe. Kwa hiyo binti aliyeafikiana na mama yake mwenye shamba kwamba atalipwa kiasi fulani kwa mwezi kutoka mauzo ya korosho, akalipwa nusu na nusu ikabaki, anaingia katika kikao cha mirathi kwanza kama mdai, kisha kama mrithi. Hisa yake haikuongezwa hata chembe, na hukumu ya Mwenyezi Mungu haikuguswa.

Hayo ni kwa mzee mwenye mali. Je, asiyekuwa nayo? Hapo nafaka yake ni wajibu wa watoto wenye uwezo, wa kiume na wa kike, na wanazuoni wetu wameingiza katika utoshelevu huo gharama ya mtumishi ikiwa mzee ni mgonjwa asiyeweza kujihudumia. Basi kaka aliye Dar es Salaam asidhani kwamba ametimiza kwa kutuma fedha za unga na dawa. Mtumishi pia ni sehemu ya wajibu wake. Kama angemwajiri mtu baki angemlipa. Dada yake akiifanya kazi hiyo, kwa hoja gani ujira unafutika?

Ndiyo maana tunasisitiza mafungu mawili yasichanganywe. Fedha inayotumwa kwa simu kila mwisho wa mwezi, mara nyingi hata haijai mkononi, ni ya chakula cha mama, dawa, sabuni na nauli ya hospitali. Hiyo ni nafaka ya mama. Ujira wa anayemtunza ni fungu jingine, na litajwe hivyo. Pasipo kutenganishwa, siku binti akijinunulia kanga, zitapigwa simu kutoka miji mitatu kuuliza fedha ya mama imekwenda wapi.

Na kwa upande wa pili, uaminifu. Mazao yetu makuu, korosho na ufuta, siku hizi huuzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika vya msingi, na malipo huingia benki kwa jina la mkulima. Mzee asiyeona wala kutembea, kadi yake ya benki hushikwa na mtoto. Mtoto huyo ni mwenye amana. Achukue kile tu walichoafikiana, aandike alichotoa na alichonunua, na daftari hilo liweze kufunguliwa mbele ya ndugu yeyote. Anayejikatia mwenyewe kwa kimya kwa sababu anahisi anastahiki, amejigeuza kutoka mdai kuwa mdaiwa.

Tumtaje pia mke wa mwana, kwa sababu yeye husahauliwa kuliko wote. Nyumba nyingi zetu, anayemwogesha mama si binti bali ni mkwe, ambaye mumewe amemwacha huku na kwenda kutafuta mjini. Katika sheria yetu akdi ya ndoa haikumlazimisha mwanamke kumhudumia mama wa mumewe. Anapofanya ni ihsani yake, na siku akisema hawezi tena hana dhambi ya uasi. Mtu huyo hata si mrithi wa mama mkwe. Ikiwa kuna mtu ambaye kulipwa kwake kungepaswa kuwa jambo la kwanza kusemwa, ni huyu. Kwa mshangao wetu, ndiye anayeambiwa kwamba hiyo ni tabia njema ya mke.

Serikali nazo zimo katika jambo hili, ingawa kwa umbali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo ya wazee, na hilo ni sawa, ila familia haikuongezewa kitu kwa kuwekwa hapo. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa wazee wote waliofikia miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, kiwango kilichokuja kuongezwa. Kenya, kwa mpango wa Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 za huko kwa mwezi kwa wenye miaka 70, na asiyeweza kwenda mwenyewe huweza kupokelewa na mtu anayemtunza. Huku Bara hatuna pensheni ya wazee wote; kaya maskini huandikishwa TASAF. Lakini zote hizo ni fedha za mzee. Uingereza walikwenda mbele zaidi: tangu mwaka 1976 ipo posho ya yule anayetunza, na sharti lake leo ni saa 35 za kazi hiyo kwa wiki, saa ambazo binti wa Kivinje huzimaliza kabla ya siku ya nne. Hata hao miaka kumi ya mwanzo waliwanyima wanawake walioolewa, kwa dhana kwamba mke yuko nyumbani vyovyote vile, mpaka Bi Jacqueline Drake, aliyeacha kazi yake mwaka 1984 kumtunza mama yake, alipofikishiwa shauri lake katika Mahakama ya Haki ya Ulaya na ikaamuliwa mwaka 1986 kwamba ni ubaguzi. Ile dhana tunaitambua. Tunayo hapa.

Tena kuna jambo linalotushangaza zaidi ya hilo. Mabinti wa mwambao wetu wanakwenda Oman kufanya kazi za ndani, na miongoni mwa kazi hizo ni kumwogesha na kumlisha mama wa watu. Wanalipwa kwa riali, wanatuma nyumbani, na familia inajivunia. Hakuna anayesema wameuza utu. Mwenzao aliyebaki kumwogesha mama yao wote, akitaja neno fedha, huambiwa hana imani.

Linalotakiwa basi ni kikao kimoja, mzee akiwa bado na akili yake, naye awepo na asikilizwe kwanza, kwani huenda ana lake la kusema juu ya nani amhudumie. Ikiwa akili imekwisha kuondoka, wakae watoto wote, na asiyeweza kusafiri asikilizwe kwa simu. Mjomba au baba mdogo awepo, na imamu wa msikiti au mzee wa mtaa. Iandikwe kazi ni ipi, ujira ni kiasi gani kwa kulinganisha na anacholipwa mtu mwingine wa kazi hiyo mahali hapo, nani atatoa kiasi gani, na tarehe ya kuanza. Surat Al-Baqara, aya ya 282, imetufundisha kuandika deni dogo na kubwa pamoja na mashahidi, na haikuwatoa ndugu. Iandikwe pia siku zake za mapumziko, maana hata mwuguzi wa hospitali huwa na siku ya kupumzika, na huyu wetu sikukuu ya Idi humkuta na beseni mkononi.

Na wako ndugu ambao kweli hawana. Mchukuzi wa Mbagala mwenye watoto watano hatumbebeshi asichokiweza. Lakini asiyekuwa na fedha ana mikono. Aje mwezi mmoja kwa mwaka, au wiki mbili, achukue zamu ya kumgeuza mama na kufua mashuka, dada yake aende shambani kabla ya mvua za kwanza. Basi linaloondoka Mbagala alfajiri humshusha Nangurukuru mchana huo huo.

Wabillahi tawfiq.